Mbuzi Wawili wa Marehemu Leonardi

Mzee Abeid alipiga hodi akitokea msikitini, jua halijachomoza vizuri, kisu chake amekifunga kwenye kipande cha kanga ya mkewe. Hakuna aliyekuwa amemwita, na nani amwite? Miaka yote nyumba hii ikiwa na shughuli, Abeid alikuja na kisu, akachinja, akanawa, akanywa chai ya tangawizi na kwenda kufungua duka lake. Alichinja kwenye harusi ya Leonardi na Melania. Alichinja watoto walipobatizwa. Alichinja hata siku Bariki alipopata nafasi ya kwenda chuo cha biblia, akamkabidhi kijana yule paja zima la mbuzi akisema msomi ashibe kwanza. Leo ilikuwa shukrani ya msiba wa Leonardi mwenyewe, rafiki yake wa miaka thelathini, na Abeid alikuwa amekinoa kisu tangu jana.

Mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye boriti ya banda la jikoni, ameshachunwa.

Bariki alikuwa amekunja mikono ya shati, ananawa kwenye beseni. Akageuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona mmeniwahi."

"Tumekuwahi, Mzee."

"Nani kachinja?"

"Mimi mwenyewe."

Abeid alimtazama mbuzi, akamtazama kijana, halafu akatazama chini, pale mavumbi yalipokunywa damu. Hakuwa mtu wa makelele. Alipotaka kusema neno la pili, Melania akaingia kwa mlango wa uani, sufuria kubwa kichwani, binti yake Recho nyuma yake na nyingine mbili mikononi. Walikuwa wametoka kuziazima kwa Hadija, mke wa huyu huyu Abeid.

"Shemeji! Mwakeye!" Melania alimwamkia kwa Kiha, kwa furaha. "Yaani umeshamaliza? Ngoja nikuwekee chai."

"Nimekuta kumekwisha, shemeji."

"Kumekwisha vipi?"

Melania aliishusha sufuria taratibu, akaona mikono ya mwanawe, akaona kisu cha Abeid bado kiko ndani ya kanga. Hapo hapo uso ukamwanguka.

"Bariki. Umefanya nini?"

"Chai nitakunywa siku nyingine," Abeid alisema. "Poleni kwa kazi." Akakipapasa kisu kama anahakikisha kipo, akatoka.

*

Melania alikuwa anataka kitu kimoja tu siku ile: wale waliomzika mumewe wale kwake, washibe, wanawe mikono, waseme wameshiba. Basi. Hakutaka sifa wala hotuba.

Mtu asiyeijua Ujiji ataona ni jambo dogo. Mtaani pale nyumba ya Leonardi seremala ilikuwa ndiyo nyumba pekee ya Wakristo. Leonardi alipofariki, vijana wa mtaa ndio waliochimba kaburi, na udongo wa kule ulikuwa wa mawe. Wao ndio waliofunga turubai, wakalala nje kwenye mikeka kuwasindikiza wafiwa. Hadija na wenzake walipika siku zote za msiba, wakamkataza Melania hata kugusa mwiko. Watu wa kanisa lao walikuja kutoka Katubuka, ndiyo, wakaimba vizuri sana. Lakini wimbo hauchimbi kaburi. Siku ya shukrani ndiyo siku ya mfiwa kuinuka, naye apike, awalishe waliomlisha. Asipoweza, ataishi mtaani akiwa na macho ya mtu anayedaiwa.

"Nijibu," Melania alisema. "Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Kaa kwanza."

"Sikai."

"Mama, hili jambo mtume Paulo alilipigania maisha yake yote. Walitokea watu wakasema, hawa mataifa kumwamini Kristo hakuwatoshi, lazima waongezewe sheria, watahiriwe. Wakataka hata Tito, mwenzake wa safari, atahiriwe. Paulo akakataa kabisa, hakuwapa nafasi hata ya saa moja. Angekubali, angekuwa anasema neema haitoshi. Sasa sisi kila tukitaka kula nyama tunamwita Mzee Abeid. Tulikuwa tunasema nini? Kwamba damu ya Yesu haitoshi mpaka Abeid aongezee na kisu chake."

"Nani alisema hivyo? Mimi nilikuwa nasema nataka majirani wale."

"Ni nira, mama. Baba aliibeba bila kujua."

"Baba yako alijua kuliko wewe! Hakusoma, lakini alijua nani atambeba akifa."

Bariki hakuwa kijana mbaya, tuseme ukweli. Alimpenda Paulo mapenzi ya kweli, jinsi wenzake wanavyopenda timu ya mpira. Alipokuwa chuoni aliota kurudi Ujiji kuwa kile Paulo alichokuwa kwa mataifa, mtume wa watu wa nyumbani kwao, na alidhani kazi hiyo inaanza kwa kuvunja kitu. Kwa hiyo aliamka kabla ya adhana, akamvuta mbuzi nyuma ya banda, akamlaza, akachinja. Wala hakuchinja vizuri.

"Sasa mnagombana nini na mbuzi ameshakufa?" Recho aliingilia. Yeye alikuwa mtu wa vitendo. "Mzee Abeid si mropokaji. Hatasema. Tupike, watu wale, waende zao."

Ndiyo, Melania aliliwaza, na tusimtukuze zaidi ya alivyo. Aliisogeza sufuria kwenye mafiga, akaiondoa, akairudisha. Pesa ya mbuzi mwingine haikuwepo. Samaki nao ndiyo usiseme. Serikali ilikuwa imefunga ziwa ili samaki wazaliane, na pale mwaloni Kibirizi hata mgebuka wa dawa usingempata.

"Hapana," alisema mwishoni. "Niwalishe kwa kuwaibia? Waliomzika Leonardi? Hapana."

"Hakuna wa kufichwa," Bariki alisema, naye sasa sauti imempanda. "Nitawaambia mwenyewe. Leo ndiyo siku yenyewe."

"Usiwaambie kitu! Nitapika maharage. Watakaouliza nitawajibu mimi, kwa adabu."

"Mama, siionei haya Injili."

"Basi nionee haya mimi," Melania alisema. Lakini Bariki alikuwa ameshaingia ndani kuvaa.

*

Walikuja. Hilo ndilo lililomuumiza Melania kuliko yote baadaye, kwamba walikuja wote. Hata Abeid alikuja, akakaa mkeka wa mbele na kofia yake safi, kwa sababu asingekuja watu wangeuliza. Upande wa pili, kwenye viti vya plastiki, walikaa watu wa kanisa, na katikati yao Mchungaji Nehemia, mtu mpole, mnene, mwenye kikohozi.

Bariki aliombwa aseme neno la shukrani kwa niaba ya familia. Alianza vizuri. Aliwashukuru waliochimba kaburi, akawataja kwa majina, na wazee wakatikisa vichwa. Halafu akaingia kwa Paulo. Akaeleza jinsi mtume yule alivyozunguka nchi na bahari, akapigwa, akafungwa, kwa sababu ya jambo moja: kwamba mbele za Mungu hakuna tena watu wa huku na watu wa kule, kwamba ukuta umebomolewa, na watu wote wanaweza kukaa meza moja.

"Na ndiyo maana leo," alisema, "mbuzi huyu sikumwachia mtu. Nimemchinja kwa mkono wangu. Tule pamoja, ndugu zangu. Ukuta umeanguka!"

"Amina!" walijibu wa kwenye viti.

Kwenye mikeka mtoto mmoja aliuliza jambo akazibwa mdomo. Hakuna aliyetukana wala aliyeinuka kwa hasira, na afadhali wangetukana. Walimtazama Abeid, na Abeid alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Recho na wasichana walileta masinia, wali na nyama kwa wa kwenye viti, wali na maharage kwa wa kwenye mikeka. Maharage! Chakula cha bweni, kwa watu waliopasua mawe kwa sururu. Luqman, mtoto wa Abeid, dereva wa bodaboda, ambaye viganja vyake vilitoka malengelenge siku ya kaburi, aliinama karibu na Recho.

"Dada, samahani. Wali umepikwa na nini?"

"Na maji tu, Luqman. Wallahi, na maji tu."

"Upawa?"

Recho aligeuka kutazama jikoni. Upawa ulikuwa mmoja, wa nyama na wa wali.

"Basi dada, usijali. Tumekula nyumbani kabla ya kuja," Luqman alisema, naye alikuwa hajala. Wakanywa maji. Wakaomba dua fupi. Mmoja mmoja wakampa Melania mkono, wakamwambia Mungu ampe subira, na kila aliyepita alisema ameshiba, ameshiba sana. Wa kwenye viti walikula vizuri, na iliyobaki walifungiwa kwenye mifuko wakaenda nayo Katubuka.

Jioni Melania alizisugua sufuria za Hadija kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni, akazisuuza mpaka akajiona ndani yake. Akazipeleka mwenyewe.

"Mama Luqman, hodi. Nimekurudishia."

Hadija alitoka mlangoni akifuta mikono. Alikuwa amelia au alikuwa na mafua, Melania hakuweza kujua.

"Karibu, Mama Bariki. Hizo... bakini nazo tu."

"Nimezisugua, mwenzangu. Angalia."

"Naona. Zinang'aa. Lakini bakini nazo, zitawafaa. Mimi ninazo nyingine."

Hakuwa nazo nyingine. Sufuria zile walizinunua pamoja, wao wawili, enzi wakikopeshana zamu ya upatu. Melania alizibeba tena kichwani, akarudi nazo, na njiani watu wakamwamkia kama kawaida.

*

Salamu hazikukatika. Ujiji hainyimani salamu. Kilichokatika ni vile vitu ambavyo huwezi kumshitaki mtu kwa kukunyima: watoto kuja kudokoa jikoni kwake, Hadija kuingia bila hodi kuomba chumvi, sahani iliyofunikwa kawa kuvuka njia jioni. Walimwambia karibu, na alipokaribia walikuwa wanamaliza kula. Melania alikonda. Bariki aliona, akaomba kwa machozi, lakini kuomba na kuomba radhi ni vitu viwili.

Mwishowe Melania alienda dukani kwa Abeid, akakaa juu ya gunia la sukari bila kukaribishwa.

"Shemeji, nataka kurudia."

"Kurudia nini?"

"Shukrani ya Leonardi. Ile haikuwa shukrani."

Abeid alikuwa anapima mchele. Aliuacha.

"Shemeji, jambo la msiba halirudiwi."

"Hili litarudiwa. Siwezi kuishi hivi. Naamka naona kila mtu anipitiaye ni mtu niliyemnyima. Nimeuza chanja zangu."

"Chanja za dagaa? Zote?"

"Ziwa si limefungwa."

"Litafunguliwa! Utaanika wapi?"

"Mchangani, kama zamani."

Dagaa wa mchangani huuzwa kwa bei ya kutupa, na Abeid mwenyewe aliwahi kumsifu Leonardi kwa kumtengenezea mke wake chanja zile, zenye miguu mirefu, waya umekazwa vizuri.

"Mimi nitakuja kuchinja," alisema. "Kula nitakula. Vijana nitawaambia waje, lakini shingo zao siwezi kuzikunja. Waliona aibu, shemeji. Si kwa sababu ya nyama. Mtu akila maharage ni sawa tu. Ni vile walivyotangaziwa, mbele ya wageni, kana kwamba miaka yote sisi ndio tulikuwa ukuta."

"Najua."

"Bariki atakaa nasi?"

"Atakaa."

"Sinia moja, ale nyama niliyochinja, watu wamwone. Hapo yatakwisha, hata neno sitaki aseme. Asipokula..." Abeid alichukua tena pishi yake. "Asipokula, shemeji, bora huyo mbuzi asichinjwe."

*

Bariki alimkuta Mchungaji Nehemia nyuma ya kanisa, anamwagilia mchicha.

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Nina jambo. Mama anarudia shukrani, na safari hii atachinja Mzee Abeid. Nataka kula nao."

Mchungaji aliendelea kumwagilia. "Kwa msingi gani?"

"Wa Timotheo. Paulo alimkatalia Tito asitahiriwe, sawa. Lakini Timotheo alimtahiri kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya Wayahudi wa pale, ili njia isizibwe. Ni Paulo yule yule. Na ni yeye aliyesema kama chakula kinamuumiza ndugu yake, yuko radhi asile nyama maisha yake yote. Nilikuwa nayasoma haya, Mchungaji, nayapita haraka haraka. Siku ile nilipaswa kuwa Paulo wa Timotheo. Nilikosea."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni, na hakulitoa kwa mama yake.

Mchungaji alikohoa, akaweka kopo chini. "Umesoma vizuri. Mimi sikusoma hivyo. Lakini nisikilize. Mimi ndiye niliyewafundisha watu hawa wasile nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Wapo wenye ndugu wa Kiislamu, wamegombana nao, mmoja ameondoka kwa shemeji yake kwa ajili ya mafundisho yangu. Leo wakuone wewe, mwinjilisti wao, umekaa mkekani unakula. Niwaambie nini? Kwamba tulikosea, warudi wakaombe msamaha?"

"Labda ndiyo, Mchungaji."

"Labda. Na Askofu anakuja Jumapili baada ya hiyo shukrani kukuwekea mikono ya utumishi. Umengoja muda gani?"

"Miaka minne."

"Hapa kwetu ni Tito, kijana wangu. Timotheo aliishi kwingine." Alisema kwa huzuni, wala hakuwa anamtisha. "Mimi nitakuja hiyo siku. Nitakuja kwa sababu marehemu alikuwa mtu wetu."

Bariki alirudi Ujiji kwa miguu. Melania alikuwa mlangoni.

"Utakula?"

"Nitakula, mama."

"Niapie."

"Hatuapi, mama. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Melania alifurahi, akaenda kumwambia Hadija, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile Hadija alimshika mkono.

*

Mbuzi wa pili alikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Abeid alimchinja kwa kisu chake, akanawa, akanywa chai ya tangawizi vikombe viwili, na Melania alisimama pembeni na birika akimtazama anavyomeza. Hadija akaingia jikoni na shoga zake wawili. Hakusema kitu juu ya sufuria, alizitumia tu. Jamani, nyumba ilinukia pilau mpaka barabarani.

Hawakuja wote. Vijana wengi walikuwa na safari, wengine kazi. Lakini Luqman alikuja, na wenzake waliochimba naye, na wazee kadhaa. Masinia matatu yalitosha. Sinia la kati walikaa Abeid, Luqman, vijana wawili, na Bariki. Kwenye viti vya plastiki watu wa Katubuka walishika soda. Hawakuguswa na harufu, au walijitahidi.

Recho alipitisha birika na beseni, wakanawa. Abeid akasema bismillahi. Luqman alitafuta kwenye pilau, akatoa kipande kizuri cha nyama ya ubavu, akakisukuma upande wa Bariki bila kumtazama.

"Kula, kaka," alisema.

Mlangoni mwa jiko Melania alikuwa amesimama na Hadija.

Bariki alichota pilau, akaibana tonge na ile nyama ndani yake. Mkono ukanyanyuka. Na hapo kikohozi kikasikika getini.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema Mchungaji Nehemia.

"Amina," wakajibu wa kwenye viti, wote pamoja, na wote pamoja wakageuka kumtazama mwinjilisti wao na mkono wake uliosimama njiani. Kulikuwa na yule mama aliyeondoka kwa shemeji yake. Alimtazama Bariki kwa macho makavu, hasira hana, anangoja tu kuona.

Mchungaji hakumkataza. Alivuta kiti akakaa.

Bariki alilirudisha tonge kwenye ukingo wa sinia.

"Samahanini, wazee wangu," alisema. "Nilisahau. Leo nimefunga."

"Umefunga na umenawa?" Luqman aliuliza.

Bariki aliinuka. Mtume Petro naye aliinuka hivyo hivyo kule Antiokia. Alikuwa anakula vizuri na watu wa mataifa, walipofika wakubwa kutoka kwa Yakobo akaogopa, akajitenga, na Paulo akamsema mbele ya watu wote. Bariki alikuwa amelihubiri jambo hilo mara nyingi, kwa sauti kubwa, na kila mara alijiona yeye ni Paulo. Alivuka uwanja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia una mafuta hajui aufutie wapi. Mchungaji alimpa leso yake.

Kwenye sinia la kati lilibaki pengo la mtu mmoja na tonge lililobanwa. Vijana waliacha kula. Abeid aliendelea, tonge baada ya tonge, anatafuna kwa bidii, kama mtu anayejaribu kuzuia mlango kwa mgongo.

Hapo Melania akatoka jikoni. Hadija alimshika kanga, kanga ikamtoka mkononi. Melania alipita katikati ya mikeka, akavua ndala, akakaa kwenye pengo la mwanawe, goti lake likagusana na goti la Luqman. Mjane, mkekani, kwenye sinia la wanaume. Tangu Ujiji iitwe Ujiji shughulini mwanamke hakai hivyo, na yeye alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alikuwa ameona pengo, akawaza kwamba pengo likizibwa watu watakula.

"Nimekuja mimi," alisema. "Nitakula nanyi mimi. Kuleni, wanangu. Nyama ipo nyingi."

Alilichukua lile tonge la Bariki akalitia kinywani.

Luqman aliurudisha mkono wake polepole. Haikuwa dharau. Kijana yule alimheshimu mama huyu, alilelewa nusu ya utoto wake kwenye uwanja huu, na ni kwa heshima hiyo hiyo alishindwa kutia mkono wake kwenye chombo kimoja naye mbele za watu.

"Mama, sisi tumeshiba," alisema. "Kaa kwa nafasi, mama."

"Hamjala!"

"Tumekula, mama. Alhamdulillahi." Akainuka. Wenzake wawili wakainuka. Kwenye masinia mengine wazee waliona vijana wanainuka, wakadhani ni wakati, wakaanza kuomba maji ya kunawa.

Alibaki Abeid. Alichambua nyama kwa vidole, akaichagua ile laini isiyo na mfupa, akaiweka mbele ya Melania, kama mtu anavyomkatia mgeni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyaficha.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "nisamehe. Siwezi kukaa nawe peke yetu hapa. Mtaa mzima unatazama."

"Najua. Kaa kidogo tu."

"Siwezi, shemeji."

Alijiinua kwa kushika goti, akanawa, akaomba dua iliyomtaja Leonardi kwa jina, akatoka. Wa kwenye mikeka wakamfuata. Hadija alipita mwisho, kichwa ameinamisha, amejifunika kanga mpaka puani.

Wa kwenye viti hawakujua kama waondoke au wakae. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, haukuitikiwa, akaacha.

Recho alikuja akachuchumaa nyuma ya mama yake, akamshika bega. "Mama, inuka. Inuka twende ndani."

Melania alichota tonge jingine, kubwa, likamjaa mkononi.

"Niache, Recho," alisema. "Lazima mtu mmoja ale."